Dirisha la kaye yetu: maneno tuliyosema kwenye mkutano wa memba, Bunia



Komite imetuomba tueleze jambo moja. Munaona ordinatere ya ofisi sasa inafungua dirisha lenye maneno ya Kiswahili. Watu wanauliza: kwa nini ilichukua Jumamosi tatu nzima? Na faida yake ni nini? Tutajibu yote mawili, lakini tutaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi watu wa Ituri tumeongeza yetu: hata daftari linapotea. Waliokimbia vita vya 1999 mpaka 2003, na waliokimbia Djugu kuanzia Desemba 2017, wanajua. Unabeba mtoto, unabeba sufuria. Kaye ya michango inabaki ndani ya nyumba na inaungua na nyumba. Wengine walivuka Ziwa Albert mpaka kambi ya Kyangwali kule Uganda, na waliporudi hakuna aliyeweza kuonyesha nani alichanga nini.

Ndiyo sababu kijana wetu mmoja aliandika programu ndogo kwa lugha ya Python, ya kuweka michango ndani ya ordinatere. Ilifanya kazi vizuri. Lakini ilikuwa ukurasa mweusi wenye maandishi meupe: unaandika amri, inajibu. Waliojua amri hizo walikuwa watu wawili tu, na wote ni wa timu yetu ya tereni.

Basi siku moja mama mmoja alikuja. Tukamwambia, "Mama, mashini inasema haujalipa miezi miwili." Akasema amelipa. Tukarudia: mashini inasema hivyo. Akatuangalia, akasema, "Nyinyi munasoma, mimi ninasikia tu." Akaenda. Wiki tatu baadaye tulikuta kwamba feza yake tuliiandika kwa mama mwingine mwenye jina sawasawa na lake. Mashini haikukosea. Tulikosea sisi, na yeye hakuwa na njia ya kutuonyesha kosa. Tulimwomba msamaha mbele ya komite, na leo tunauomba tena mbele yenu.

Hapo tuliamua: kila memba lazima aweze kuona mchango wake kwa macho yake.

Kwa kufanya hivyo, Python inahitaji vyombo vya kuchora dirisha. Fikirieni fundi mbao. Hakati mti porini kila anapotaka kutengeneza mlango. Ana mbao zilizopigwa randa, ana bawaba, ana vitasa. Vyombo vya dirisha ni hivyo hivyo: vitufe vya kubonyeza, fasi ya kuandika jina, orodha, vyote tayari. Tulichagua vinavyoitwa Tkinter. Ndani yake kuna Tk, kazi ya John Ousterhout wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, iliyotoka 1991, mwaka ule ule ambao Guido van Rossum, Mholanzi, alitoa Python kwa mara ya kwanza. Kuna vyombo vingine vizuri zaidi kwa macho, kama Qt, lakini ni vizito kushusha, na ordinatere yetu ni nzee. Tkinter ni megabaiti chache, haiombi malipo, na haihitaji intaneti ikishaingia.

Sasa zile Jumamosi tatu. Tunazieleza ili shirika lingine lisipoteze feza kama sisi.

Jumamosi ya kwanza, programu ilikataa kufunguka. Ilisema moduli ya tkinter haipo. Ordinatere yetu inatumia Ubuntu 22.04, na kwenye Ubuntu Python inakuja bila vyombo vya dirisha, kwa sababu mashini nyingine hazina hata kioo. Sisi hatukujua. Tulinunua mega tukajaribu kwa njia ya pip, ambayo vijana wa Python wanaizoea. Pip ikajibu haioni kitu cha jina hilo. Tukajaribu jina fupi, tk. Kikashuka kitu kingine kabisa, kisichohusu dirisha. Mega zikaisha.

Jumamosi ya pili tulikuwa tumeshajua jina la kweli la furushi: python3-tk. Lakini intaneti haikuwepo siku hiyo. Rafiki wa ofisi jirani akatupa mafurushi kwenye flashi. Yakakataa. Mashini yake ilikuwa ya Ubuntu 20.04 yenye Python 3.8, na yetu ina Python 3.10. Ni kama kitasa cha mlango mwingine: ni kizuri, lakini hakiingii.

Jumamosi ya tatu tulitafuta mtu mwenye Ubuntu sawasawa na yetu, na ambaye bado hana vyombo hivi. Kwenye mashini yake yenye intaneti tuliandika:

sudo apt install --download-only python3-tk

Amri hiyo inashusha furushi pamoja na wenzake wote linaowategemea, bila kuyaingiza. Yanabaki ndani ya /var/cache/apt/archives. Tukayaweka kwenye flashi, tukarudi ofisini, tukafungua fasi yalipo, tukaandika:

sudo dpkg -i *.deb

Kisha jaribio:

python3 -m tkinter

Kikatokea kidirisha kidogo chenye vitufe viwili. Wamama waliokuwa wanangojea nje wakapiga makofi, hata kama hakikuwa na kazi yoyote bado!

Leo dirisha letu lina vitufe vinne: Tafuta, Weka mchango, Onyesha yote, Funga. Memba anatafutwa kwa namba ya karatasi yake, maana majina yanafanana, na hilo ndilo lililotuangusha.

Wafadhili wamepata kuuliza kwa nini hatuweki pia kijiji cha asili, kabila, na simu. Tunajibu waziwazi: hapa kwetu orodha ya namna hiyo ni kisu. Watu wamewahi kutafutwa kwa sababu ya walikotoka. Dirisha linaonyesha namba, jina, tarehe na feza, basi. Ordinatere haiungwi na intaneti. Kopi moja iko kwenye flashi kwa Mama Mtunza Feza, na kila mwisho wa mwezi tunaandika yote kwenye kaye ya karatasi. Kaye haijafukuzwa kazi.

Bado kuna upungufu. Asiyejua kusoma, dirisha halimsaidii peke yake. Anakuja na mtoto wake au jirani anayemwamini, si lazima sisi. Na umeme wa paneli ya jua unatosha saa chache tu. Kwa hiyo ombi letu kwa wafadhili ni dogo: betri ya pili, si mashini kubwa zaidi. Na kwa komite: chagueni vijana wawili, tafazali mmoja awe binti, tuwafundishe hizo amri tatu. Tumeziandika na kuzibandika ukutani. Sisi wa tereni leo tuko, kesho tunatumwa Mahagi ao Irumu. Kazi ya shirika isiondoke na sisi.

Tumalizie na yule mama. Dirisha lilipofunguka, alikuja wa kwanza, pamoja na mjukuu wake. Mtoto akaandika namba, akamsomea mwezi kwa mwezi. Ile miezi miwili ilikuwepo, imelipwa. Lakini mwezi mmoja mwingine ulikuwa mtupu. Mama akanyamaza, akafikiri. "Huo ni kweli," akasema. "Nilikuwa mgonjwa." Akafungua kitenge chake, akatoa feza, akamwambia mjukuu, "Bonyeza wewe. Nione inavyoingia."