Walioitwa kwa Namba



Wengi hudhani ya kuwa taifa letu lilizaliwa tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa. Lakini mbegu yake twaiona zamani zaidi, katika mashamba ya mkonge.

Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf alileta mkonge katika pwani ya Tanga. Mashamba yalipozidi, watu walitafutwa mbali: Waha toka Kigoma, Wangoni toka Songea, Wamakonde toka kusini. Wakaandikwa kwa hesabu, wakaitwa manamba. Kila mtu alipewa kipande cha siku 30, wala hakupata ujira kamili mpaka zitimie.

Mha hakujua Kingoni, wala Mngoni hakujua Kiha. Ikawapasa kusemezana kwa Kiswahili. Ndipo walipotambua ya kuwa taabu yao ni moja. Hata Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ule uliifuata reli mpaka bara. Na TANU ilipoundwa mwaka 1954, ilikuta lugha na udugu vimekwisha kutangulia.

Wako miongoni mwetu waonao haya kutaja ya kuwa babu zao walikuwa manamba. Tusione haya. Enyi walimu, waagizeni watoto wakawaulize wazee wao majina ya hao, wayaandike. Walioitwa kwa namba, nasi tuwaite kwa majina yao.