Zamu ya Kusema: Msimulizi Asiyeaminika na Huruma ya Msomaji katika Riwaya za Pwani



Vitabu vingi vya kiada humweleza msimulizi asiyeaminika kwa ufupi kuwa ni msimulizi mwongo. Maelezo hayo hayatufikishi mbali. Kila msomaji amewahi kumnasa msimulizi kwa uongo mapema kabisa, na hadi kitabu kinakwisha bado yuko upande wake. Jambo hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo. Ninachodai ni kwamba huruma ya msomaji haifuati ukweli, inafuata zamu. Aliyesema mwanzo na kwa kirefu tunamzoea, na anayekuja baadaye ana kazi ya kutuhamisha mahali tulipokwisha kukaa.

Wapenzi wa taarabu wa mji huu wa Tanga walilijua hili kabla ya wahakiki. Enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star mashabiki walikuwa na upande, na wimbo wa huku ulingojewa jibu kutoka kule. Tena ukumbini mwenye kisa si mwimbaji peke yake. Mwanamke anainuka na noti mkononi, hapiti njia fupi ya kwenda jukwaani, anazunguka makusudi mbele ya kiti cha hasimu wake, ndipo anakwenda kumtunza mwimbaji pale penye ubeti unaochoma. Maneno si yake, wala hajayatunga, lakini kwa dakika ile yamekuwa ushahidi wake. Hasimu hana la kusema mpaka upigwe wimbo mwingine. Waliokaa karibu wameshakata shauri, na hawajui hata ugomvi wenyewe ulianzia wapi.

Sasa tuje kwa mzee wetu wa Machui. Katika *Kusadikika*, iliyotoka 1951, Shaaban Robert ameijenga hadithi nzima juu ya kesi. Karama ameshitakiwa kwa kufundisha uanasheria, na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, na waliporudi na mambo ya kuifaa nchi wakatiwa gerezani. Tazameni nafasi ya msimulizi huyu. Anapigania shingo yake. Anasimulia habari za watu walio kifungoni, ambao hawapo barazani kumsahihisha. Anachagua mwenyewe aanze na nani na amalize na nani. Kwa vipimo vyote vya nadharia, Karama ni msimulizi wa kutiliwa shaka, na sikumbuki kumsikia mwanafunzi hata mmoja akimtilia.

Kanuni yangu ya zamu inapata mtihani hapa, maana aliyefungua kesi ni Majivuno. Angepaswa kutuwahi yeye. Hatuwahi, kwa sababu mbili. Kwanza, mashitaka ni mafupi na utetezi ndio kitabu. Pili, mwandishi ameshatoa hukumu kwa majina: nani atamwonea huruma mtu aitwaye Majivuno mbele ya mtu aitwaye Karama? Tusiuite huo udhaifu. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, karani wa forodha huko Pangani kabla ya kuhamia ofisi nyingine, na aliyeandika kuhusu watawala wasiosikia alihitaji kesi isiyo na utata. Utata ungempa mtawala mlango wa kutokea. Lakini ubora wa kitabu kile umetuachia mazoea mabaya. Miswada mingi inayonipitia mikononi ina Majivuno wake, na Majivuno hao hawana hata hoja moja inayomkosesha Karama usingizi.

Kinyume cha *Kusadikika* ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *By the Sea*, ya 2001. Nitakaa nayo kidogo, kwani sijui kitabu kingine cha mwambao kinachomchezea msomaji kwa ustadi kama huu. Mzee Saleh Omar anatua Uwanja wa Ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, naye anajifanya. Pasipoti aliyonayo ina jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anampekua mzigo, anakuta kijaluba cha udi, anaunusa, anauliza maswali, mwisho anauchukua. Mzee ananyamaza.

Hesabuni tulichopewa katika kurasa hizo chache: jina la uongo na ububu wa uongo. Tunajua yote mawili, maana msimulizi mwenyewe ametunong'oneza. Hata hivyo tumemchukia afisa, na mzee tumemkumbatia. Na hapo ndipo Gurnah alipotutega. Msimulizi anayewadanganya wengine huku akitushirikisha sisi siri hutufanya tujione tumo ndani ya uaminifu wake. Hatujiulizi kama nasi tuna fungu letu la kudanganywa.

Sehemu ya pili inasimuliwa na Latif Mahmud, mwana wa Rajab Shaaban wa kweli. Kwake yeye, Saleh Omar ni mwenye duka la samani aliyeichukua nyumba yao pamoja na vyombo vyake. Anakumbuka utotoni alivyotumwa dukani kuiomba meza ndogo ya mpingo, akarudi mikono mitupu. Chanzo ni deni: Hussein, mfanyabiashara aliyekuja na pepo za msimu, alikopa kwa Saleh na kuweka rehani hati ya nyumba ya Rajab, kisha hakurudi tena. Na ule udi uliotutoa machozi Gatwick? Saleh aliupata kwa huyo huyo Hussein. Kitu kilichomnunulia mzee huruma yetu kimetoka katika mkono uleule ulioivunja nyumba ya Latif.

Hata hivyo Gurnah hamgeuzi Saleh kuwa jambazi. Naye alikuja kunyang'anywa nyumba hiyo na kufungwa miaka mingi. Latif, kwa upande wake, alikuwa mtoto, na sehemu ya anayoyakumbuka ni maneno ya watu wazima waliyokuwa wakiyasema nyumbani kwa hasira. Wanapokutana Uingereza, mmoja mzee, mwingine msomi wa makamo, wanakaa kukumbushana na kusahihishana, na katika kitabu kizima hakuna sauti ya tatu ya kukata shauri. Mwandishi hana hakimu, wala hajatupa sisi kiti hicho. Mimi binafsi bado naelemea kwa Saleh, na nashuku ni kwa sababu tu ndiye niliyeonana naye kwanza.

Zipo kesi za aina hii ambazo hazijapata riwaya zake. Mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutawala mwambao, vurugu ziliwaka Pangani na Abushiri bin Salim akawa kinara wa vita. Mwaka huo wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, walitekwa na watu wake, wakakombolewa kwa fedha. Baumann akaandika kitabu. Upande wetu, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akatunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Mmoja anaandika akikumbuka minyororo, mwingine anaandika nchi ikiwa imekwisha kuchukuliwa. Kati yao Hemedi ndiye nimwaminiye zaidi. Sisemi hivyo kwa ajili ya uzawa. Hafichi amesimama wapi, kwa hiyo najua nimpunguzie wapi. Anayejidai hana upande hunipa kazi kubwa zaidi. Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, hana kitabu. Riwaya yake ingeweza kusimuliwa na hao wawili kwa zamu, yeye mwenyewe asiseme hata neno.

Vita vya Tanga vya Novemba 1914 vimepata bahati kidogo: William Boyd aliviingiza katika *An Ice-Cream War*, 1982, riwaya yenye mitazamo mingi. Lakini mitazamo hiyo ni ya Waingereza, Mmarekani na Wajerumani. Wapagazi na askari weusi wanaonekana, hawaoni. Wingi wa sauti peke yake si haki, kama zote zimetoka sebule moja.

Ili kuipima kanuni hii ya zamu, mchana tutafanya kazi kwa mikono. Kila mmoja ampe Waziri Majivuno sura moja katika nafsi ya kwanza. Masharti ni haya: asibadilishe tukio lolote alilolisimulia Karama, asijitukane wala kujifichua kijinga, maana hakuna mtu anayejiona Majivuno ndani ya nafsi yake, na awe na jambo moja la kweli ambalo Karama amelipita kimya. Labda aliogopa nchi isiyozoea sheria ngeni. Labda mmoja wa wajumbe ni jamaa yake. Mbadilishieni jina kama linawazuia. Zamu za kusoma tutazipigia kura, na baada ya kila sura nitauliza swali moja tu: Karama bado yuko wapi moyoni mwenu?