Tutazame Kwanza Nyuma ya Nyumba Zetu



Mimi ni karani tu, nami nitasema lililonipata mwenyewe.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, mwanangu alishikwa na homa mara tatu. Siku hizo nilikuwa na ugomvi na jirani yangu juu ya mpaka wa shamba, nikaamini moyoni kwamba yeye ndiye aliyetuletea balaa. Nikaacha kumsalimu, nikauza mbuzi wawili nimlipe mganga, homa ikarudi. Hatimaye nikampeleka mtoto hospitali, akatibiwa akapona. Dresa akaniuliza neno moja: "Maji yamesimama wapi karibu na nyumba yako?" Nikaona haya. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo nililolichimba kwa mikono yangu kutafuta udongo wa matofali, nalo lilijaa maji ya mvua. Katika maji kama hayo mbu hutoka yai hata kuruka kwa muda wa siku 7 hadi 14.

Wala si sisi peke yetu tuliopotea hivyo. Watu wa Ulaya nao walidhani kwa karne nyingi kwamba homa hiyo huletwa na hewa ya mabwawa; jina lenyewe, malaria, latokana na maneno ya Kitaliani yenye maana ya hewa mbaya. Ndipo mwaka 1897, huko Secunderabad, India, Daktari Ronald Ross alipopasua mbu akaona vijidudu vya homa tumboni mwake.

Wazee wangu, mwenye kuona visivyo hakosi bidii, ila bidii yake humwenda bure. Mimi nilitoa mbuzi wawili mahali palipotaka jembe.

Chama chetu nacho kina shimo lake. Sanduku likipungua, twanong'ona juu ya mweka hazina, kabla hatujafungua daftari kutazama ni nani kati yetu hajatoa ada. Mjane akija akalikuta tupu, hatamzika mumewe kwa minong'ono yetu.

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Shimo langu nililifukia kwa siku moja. Kupatana tena na jirani yangu kulinichukua mwaka mzima.