Alama, Sarufi na Fikra: Chimbuko la Lugha ya APL na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili



1. Utangulizi

Katika mijadala ya istilahi za Kiswahili, swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: dhana fulani ya kigeni iitweje? Ni nadra kuulizwa iwapo jina litakalopatikana litamsaidia mtumiaji kufikiri na kuzalisha majina mengine. Mhadhara huu unalichunguza swali hilo la pili kwa kupitia historia ya APL, lugha ya kompyuta iliyoanza kama maandishi ya ubaoni kabla haijawa lugha ya mashine. Hoja yake ni kwamba nguvu ya lugha ya kitaalamu haitokani na wingi wa maneno, bali na kanuni chache za unyambulishaji zinazotumika bila upendeleo.

2. Kutoka ubaoni hadi kitabuni

Kenneth Iverson alizaliwa mwaka 1920 huko Camrose, katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1954, akabaki hapo kufundisha. Katika kuwaeleza wanafunzi jinsi mashine inavyochakata data, alibaini kuwa alama za hisabati zilizozoeleka zina kasoro ambayo mwanaisimu angeitambua mara moja: hazina sarufi moja. Kuzidisha huandikwa kwa kuweka herufi mbili kando kando. Kipeo huandikwa kwa kupandisha namba juu. Jumla ya mfululizo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki iliyozungukwa na vijinamba. Kila tendo lina desturi yake.

Iverson akaanza kuunda mfumo mmoja wa alama. Mwaka 1960 alijiunga na kitengo cha utafiti cha kampuni ya IBM, akashirikiana na Adin Falkoff. Mwaka 1962 alichapisha kitabu kiitwacho A Programming Language, na herufi za mwanzo za maneno hayo matatu ndizo zilizokuja kuwa jina la lugha. Hata hivyo, wakati huo hapakuwa na mashine iliyoweza kuyasoma maandishi hayo. Yalikuwa mawasiliano baina ya watu. Mwaka 1964 Falkoff, Iverson na Edward Sussenguth waliyatumia kutoa maelezo rasmi ya mfumo wa kompyuta wa System/360.

3. Mashine na mwandiko

Mwaka 1965 Lawrence Breed na Philip Abrams waliandaa programu iliyowezesha kompyuta ya IBM 7090 kuitekeleza lugha hiyo. Mwaka 1966, kwa mchango wa Breed, Richard Lathwell na Roger Moore, ilianza kutumika kwenye System/360, ambapo watu wengi waliweza kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwenye mashine yake ya taipu.

Hapo mwandiko ukakutana na chuma. Mashine hizo zilipiga chapa kwa tufe dogo lenye alama 88 tu. Vijinamba vya juu na chini havikuwezekana, na herufi ndogo zikaachwa. Baadhi ya alama zikaundwa kwa kupiga alama moja, kurudi nyuma, kisha kupiga nyingine juu yake. Kizuizi hicho kilikuwa na manufaa yake. Kwa kuwa kila kitu kililazimika kukaa katika mstari mmoja, matendo yaliyokuwa yakitambulishwa kwa mahali pa namba yalipewa alama zake yenyewe, na sarufi ikazidi kuwa ya jumla.

4. Sarufi ya APL

Kiini cha APL ni safu, yaani namba zilizopangwa pamoja na kushughulikiwa kama kitu kimoja. Tuseme X ni safu ya 3, 5 na 10. Maandishi +/X hutoa 18, na ⍴X hutoa idadi ya namba zilizomo, yaani 3. Basi wastani wa namba hizo ni (+/X)÷⍴X, ambao ni 6. Hakuna agizo la kuzipitia namba moja baada ya nyingine.

Alama ya mkwaju ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Yenyewe haijumlishi. Inachukua tendo na kulifanya litumike kwa safu nzima: +/ hujumlisha zote, ×/ huzidisha zote, na ⌈/ hutafuta iliyo kubwa kuliko zote. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu utaratibu huu. Kiambishi cha kauli ya kutendesha hakina kitenzi chake maalumu. Hutoa pikisha kutoka pika na limisha kutoka lima. Anayekijua kiambishi huelewa hata neno ambalo hajawahi kulisikia.

Vilevile, APL haina daraja la matendo. Kila tendo huchukua kila kilicho kuliani kwake. Kwa hiyo 3×4+5 ni 27, ilhali shuleni jibu ni 17. Iverson aliona kuwa palipo na matendo mengi, orodha ya madaraja ni mzigo kwa kumbukumbu.

5. Upinzani na urithi

Si wote walioridhika. Edsger Dijkstra, mtaalamu mashuhuri wa sayansi ya kompyuta, aliishambulia APL vikali mwaka 1975, na wengi wamelalamika kuwa maandishi yake mafupi ni magumu kusomeka. Lalamiko hilo lina uzito: ufupi unaomsaidia mwandishi waweza kumchosha msomaji.

Iverson alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1979, na mhadhara wake ulihusu alama kama zana ya fikra. Alitaja sifa za mfumo mzuri wa alama, zikiwemo wepesi wa kueleza dhana, uwezo wa kudokeza mambo mapya, na uchache wa vipashio. Katika maandishi yake ya mwaka 1987, na katika lugha ya J aliyoiunda na Roger Hui mwaka 1990, aliyaita matendo vitenzi, safu nomino, na alama zinazobadili matendo vielezi na viunganishi. J iliziacha alama za pekee na kutumia zile za kibodi ya kawaida. Mwandiko ulibadilika, misingi ya sarufi ikabaki. Iverson alifariki mwaka 2004.

6. Hitimisho

Kiswahili kina mfano wake mzuri katika hisabati ya shule ya msingi. Kutokana na mzizi mmoja wa gawa, mwanafunzi hupata gawanya, mgawanyo, kigawo na kigawe. Irabu ya mwisho tu ndiyo inayotofautisha kigawo, yaani kinachogawa, na kigawe, yaani kinachogawika. Kama vile kifuniko ni kinachofunika na kiumbe ni kilichoumbwa. Hapa istilahi inafundisha dhana.

Kinyume chake ni orodha ya majina yaliyotoholewa moja moja, kila moja likihitaji kukaririwa peke yake. Utohozi una nafasi yake, na hakuna lugha iliyokua bila kuazima. Lakini neno lililoazimwa linapaswa kuingizwa katika sarufi ili nalo lizae. Kamati inayoamua jina jipya na iulize, pamoja na maana ya neno, ni maneno mangapi yataweza kunyambuliwa kutokana nalo.