Deni Halimvui Mtu Utu

Katoro, Nyarugusu, Kahama: ukanda huu wa dhahabu wa Geita na Shinyanga unaishi kwa fedha isiyotabirika. Duara, yaani shimo la mgodi, lisipotoa dhahabu, mchimbaji hukwama, na mama lishe aliyemlisha kwa mkopo wa daftari hukwama naye. Hapo ndipo mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kuumiza, huingia.

Mkopeshaji ana haki ya kulipwa. Hana haki ya kukuvunjia heshima, na kudaiwa si kosa la jinai. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa laki moja, hiyo ni shilingi 3,500. Linganisha na unachotozwa.

Ukatili mkubwa uko kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na kibali. Wapo wanaochota namba zilizomo kwenye simu yako, kisha wakamtumia mkweo au mwajiri wako ujumbe wa kukudhalilisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Usifute ujumbe huo. Ndio ushahidi wako.

Lakini tawi la Benki Kuu la kupeleka malalamiko liko Mwanza, na muuza chakula wa Katoro hawezi kufunga jiko akapande basi. Halmashauri za Geita na Shinyanga ziwe na dawati la kupokea malalamiko haya katani.