Mji wa Kilosa na Mto Wake

Sisi tufundishao huku Chang'ombe tumezoea kuusikia mluzi wa gari la moshi litokapo Dar es Salaam kwenda bara, na mara nyingi wanafunzi hutuuliza, Je, laenda wapi? Wenzao hujibu upesi, Tabora, Kigoma. Wakauruka mji mmoja mdogo ambao, kwa maoni yetu, waweza kumfundisha mtu habari za reli kuliko hiyo miji mikubwa. Mji huo ni Kilosa, katika mkoa wa Morogoro, kando ya mto Mkondoa.

Mwenye ramani na aitazame. Njia hutoka pwani, hupita Morogoro, huvuka mbuga ya Mkata, kisha hukuta milima ya Usagara imesimama mbele yake kama ukuta. Katika ukuta huo pana mlango, nao umechimbwa na mto. Misafara iliyotoka Bagamoyo iliujua mlango huo tangu zamani. Mwaka 1871 Stanley alipita humo alipokuwa akimtafuta Livingstone. Wadachi nao, walioanza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, waliufuata mto uo huo, na Kilosa ikawa stesheni mlangoni pa milima. Waingereza waliuteka mji huo Agosti 1916.

Mkonge wa Kimamba na wa mashamba ya jirani ulisafirishwa kwa reli hiyo. Katika miaka ya 1960 tawi lake lilifika Kidatu kwa njia ya Mikumi, na sasa huko lakutana na reli ya TAZARA. Lakini mabehewa hayawezi kuvuka toka reli hii hata ile, kwa kuwa moja ina upana wa milimeta 1,000, na ya pili milimeta 1,067. Kwa ajili ya vidole vitatu au vinne, mzigo wote hauna budi kupakuliwa na kupakiwa tena!

Basi na turudi mtoni, maana huko ndiko kwenye shida. Mkondoa hupata maji yake katika nchi kavu ya Dodoma, ambako mto huitwa Kinyasungwe. Mvua ikinyesha juu ya ardhi isiyo na majani, maji huchukua mchanga. Milimani hukimbia kwa nguvu, na mchanga huenda pamoja nayo. Lakini yakitokea penye tambarare, hapo Kilosa, mwendo hupungua, mchanga ukatua. Mwaka baada ya mwaka sakafu ya mto yainuka, na mji wabaki palepale. Kwa hiyo watu waliweka tuta la udongo kati ya mto na nyumba. Tuta nalo lataka kulindwa: ng'ombe wakilikanyaga kila siku, na mtu akilima mahindi mgongoni pake, hulegea taratibu bila mtu kujua.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mvua ilikuwa nyingi mno. Maji yalilivunja tuta, yakaingia mjini, na maelfu ya watu wakakosa makao, wakaishi katika mahema. Huko bondeni, kati ya Kilosa na Gulwe, reli ilichukuliwa. Mahali pengine vyuma vilining'inia hewani bila ardhi chini yake. Magari ya bara yalisimama kwa miezi. Muuza chumvi wa Kigoma, ambaye huenda hajauona Mkondoa maishani mwake, aliujua mwaka huo.

Tangu mwaka 2024 gari jipya liendalo kwa umeme lapita Kilosa likienda Dodoma. Njia yake ni pana zaidi, na katika milima hiyo imetobolewa mahandaki, ili isilazimike kuuandama mto kila unapopinda kama ile ya Wadachi. Twaona ni busara. Lakini nyumba za Kilosa haziwezi kupanda milimani pamoja na reli. Wakati wa kiangazi msafiri akichungulia dirishani ataona mchanga mweupe na kijito chembamba katikati, na watoto wakivuka kwa miguu. Asipoambiwa, hatasadiki ya kuwa ndio mto wenyewe.