Bastola Mpya Yenye Kasoro: Irudi kwa Njia Ipi?

Hotuba ya afisa wa polisi wa uhusiano na jamii mbele ya wajumbe wa maeneo ya mpakani, Juba



Nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo. Mtu amenunua bastola mpya, na bastola hiyo ni mbovu. Afanye nini? Angelikuwa amenunua redio pale soko la Konyo-Konyo, kesho yake angeirudisha kwa muuzaji, wakabishana kidogo, akapewa nyingine au fedha zake. Bastola haiendi hivyo. Njia ya kuirudisha hutegemea njia iliyoingilia, na hapo ndipo penye hatari ninayotaka tuitazame pamoja.

Kwanza nitaje kasoro zenyewe, kwa sababu uhai hutangulia sheria. Ukivuta kifyatulio na risasi isilie, usiugeuze mtutu ili uutazame. Uelekeze mahali pasipo na mtu, usubiri angalau nusu dakika, kwa maana baruti huweza kuchelewa kuwaka. Kisha utoe kasha la risasi, ndipo uitoe na risasi iliyobaki ndani. Ikiwa imekwama, usiigonge wala kuilazimisha. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, usifyatue tena: huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikiifuata, mtutu hupasuka mkononi mwako. Na bastola ambayo kizuizi chake cha usalama hakishiki, hiyo ni hatari hata ikiwa imelala juu ya meza.

Akina mama, neno hili ni lenu hasa. Msikubali kuambiwa kwamba bastola iliyoharibika haina madhara, kisha ikaachwa mahali watoto wanapocheza. Silaha mbovu yaweza kuwa na risasi ndani, na hakuna ajuaye italia lini.

Sasa tumtazame mwenye silaha kwa mujibu wa sheria. Hapa Sudan Kusini tunayo Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 2016. Uganda ina sheria yake ya mwaka 1970. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mtu wa namna hii ana cheti chenye jina lake na nambari ya bastola yake, na ana risiti ya muuzaji mwenye leseni. Bastola yake ikionyesha kasoro, na aache kuitumia, asiifungue mwenyewe, awaarifu polisi waliompa kibali kabla ya kuisafirisha, kisha airudishe kwa muuzaji yule yule pamoja na cheti na risiti.

Hapo haki yake ni ya kweli. Nchini Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na nchini Uganda, sheria ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma, zinataka bidhaa iwe ya ubora unaostahili na iifae kazi iliyonunuliwa kwayo. Lakini mnunuzi asikae nayo miezi kadhaa akinyamaza, kwa kuwa atakayechelewa kulalamika huhesabiwa kuwa ameipokea kama ilivyo. Akipewa bastola nyingine badala ya ile, nambari hubadilika, basi na cheti kirekebishwe. Akirudishiwa fedha, polisi waarifiwe kwamba silaha ile haiko tena mikononi mwake.

Yaliyotokea Marekani yanatuonyesha faida ya utaratibu huu. Mwezi Julai 2013, katika jimbo la Iowa, naibu sherifu mmoja alikuwa akimkimbiza mshukiwa. Bastola yake iliyotengenezwa na kampuni ya Taurus ya Brazil ilianguka chini, ikalia yenyewe. Askari huyo aliishtaki kampuni, akidai kwamba aina kadhaa za bastola zake zina kasoro hiyo. Mwaka 2016 mahakama iliidhinisha mapatano, bila kampuni kukiri kosa. Bastola zilizohusika zilikuwa za aina tisa, na idadi yake ilikaribia milioni moja. Wenye nazo waliruhusiwa kuzirudisha ili zitengenezwe au walipwe fedha. Yaliwezekana kwa sababu bastola ilikuwa na nambari, na mwenyewe aliweza kusimama hadharani akasema, "Hii ni yangu."

Tuje sasa kwa yule aliyeinunua gizani. Ametoa ng'ombe, pengine wale waliokuwa wa mahari ya kijana wake, akapokea bastola inayong'aa ndani ya kitambaa. Baada ya siku tatu inakwama. Atamwendea nani? Hana risiti. Hawezi kumshtaki muuzaji, kwa kuwa akifika mahakamani atakuwa anajishtaki mwenyewe. Chifu hawezi kumhukumia katika mali ya namna hiyo. Muuzaji naye alijua hayo tangu mwanzo, ndiyo maana hakuona haya kumuuzia kitu kibovu.

Ndugu zangu, dai lisilo na hakimu halifi. Mnunuzi huenda na nduguze kudai ng'ombe wake. Muuzaji naye ana nduguze. Ugomvi wa watu wawili juu ya chuma kibovu hugeuka ugomvi wa koo mbili, na wanaozikwa ni wale ambao hawakuuza wala kununua.

Wapo wasemao, "Basi nitampelekea fundi." Mhunzi na mchomeleaji wa pikipiki ni watu wenye ufundi wao, lakini mtutu hubeba nguvu ya baruti ambayo kiungo cha kuchomelea hakiwezi kuihimili. Na fundi asiye na leseni anayepokea silaha hujitia hatarini yeye, karakana yake na watoto wake.

Wapo pia wasemao, "Nitavuka." Nisikilizeni vizuri, enyi wa Nimule, wa Kaya na wa Nadapal. Kuivusha bastola hadi Elegu, Oraba au Lokichoggio bila kibali ni magendo ya silaha, hata kama umeichukua kwenda kuitengeneza tu. Tena, tangu tarehe 13 Julai 2018, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya silaha juu ya nchi yetu, na vimekuwa vikihuishwa. Serikali yetu imeomba viondolewe. Lakini maadamu vipo, jirani zetu wanatakiwa kuzuia silaha, risasi na hata vipuri visiingie kwetu. Springi ya bastola ndani ya mfuko wa unga ni jambo la kumfikisha mtu gerezani ng'ambo, mbali na watu wake.

Basi mwenye silaha ya namna hiyo afanyeje? Asiiuze kwa mwingine, maana atakuwa amemuuzia mauti. Asiitupe mtoni wala kuizika shambani, ambako mtoto ataifukua. Amwendee chifu au mzee anayemwamini, naye atufikishie habari. Asije kituoni akiwa ameishika mkononi. Aseme iliko, nasi tutaifuata. Sitaahidi lililo katika uwezo wa mahakama. Ninaloweza kusema ni kwamba anayejileta mwenyewe na anayekamatwa njiani hawasimami mahali pamoja mbele ya hakimu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Machifu, ninawaomba mlipeleke neno hili katika mabaraza yenu kabla ya ng'ombe kuhamishiwa malisho ya kiangazi, kwa kuwa ndio wakati silaha hutembea. Ng'ombe waliotolewa hawatarudi, nami sitawadanganya. Lakini ni afadhali kuhesabu hasara ya ng'ombe kuliko kuhesabu makaburi.